Lango la Kipruto

Malava,
Jumapili, 9 Februari 2025

Makomredi wa magurudumu mawili, wana wa steji ya bodaboda ya Amalemba, ninyi mnaoamka kabla ya mji na kulipwa vumbi na matusi. Na kwako hasa, dada yangu Gentrix, mwenyekiti wetu,

Mulembe! Natumai barua hii itawakuta wazima, ninyi na wote mnaowalisha kwa usukani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka. Mama anawasalimu, na magoti yake yamepunguza kuuma. Kama mjuavyo, chuo kimenisimamisha muhula mzima kwa kosa la kusema kweli penye kipaza sauti, nami sasa napalilia miwa na kufikiri.

Mtashangaa kuona karatasi katika zama hizi. Nimeikabidhi kwa Emily muuza mboga ailete mkononi, kwa sababu siliamini tena kundi letu la simu. Tunachopanga mle jioni, mwizi amekwisha kukijua asubuhi.

Pikipiki tatu zimetutoka tangu Krismasi. Ya mwisho ni ya Elkanah, baba wa mapacha, ambaye leo anaikanyaga kwa miguu barabara aliyokuwa akiipasua. Tuulizane, basi, kama watu wenye akili: nani awezaye? Kila pikipiki yetu ina swichi ya siri ya kukata moto, iliyofichwa mahali anapopajua mwenyewe tu. Mwenyewe tu? La hasha, makomredi! Anapajua pia aliyeifunga. Na aliyezifunga zote ni mtu mmoja: Kipruto, fundi wa kuchomelea. Kana kwamba hilo halitoshi, ndiye huyohuyo tunayempelekea pikipiki zetu zilale nyuma ya lango lake. Ni nani alimkabidhi fisi bucha, kisha akashangaa kuona mifupa?

Simtuhumu. Ninauliza tu. Lakini swali likikaa muda mrefu bila jibu, lenyewe huwa jibu. Napendekeza muziondoe pikipiki katika uwanja wake, na aitwe mbele ya steji ajieleze. Dada, uwasomee wote barua hii kwa sauti.

Nduguyo mpiganaji,
Griffin

*

Amalemba,
14 Februari 2025

Mdogo wangu Griffin,

Mulembe muno. Mama hajambo? Mwambie dawa ya magoti nimeipata, Emily ataileta na barua hii. Sisi hatujambo, ila jua la mwaka huu linatukaanga barabarani kama mchwa.

Barua yako nimeisoma peke yangu, nikaikunja. Steji sikuisomea. Usinune. Wewe ukiandika "simtuhumu, ninauliza tu", wale vijana wanasikia "mkamateni". Unawajua. Ulipowafundisha kuimba, hukuwafundisha kunyamaza.

Lakini nilikwenda kwa Kipruto, maana swali lako lilinikaa. Nilimkuta anachomelea keria yangu iliyovunjika. Mkewe, Cherono, akanipa chai. Nikamwambia, "Kipruto, watu wanasema swichi zote unazijua wewe."

"Hata breki zao nazijua," akasema. "Mbona hawasemi nataka kuwaua?"

"Usicheze. Haya ni maneno makubwa."

"Sawa, mwenyekiti, waambie nimeiba. Lakini ile ya Elkanah? Na vile inatoanga moshi? Huyo mwizi tumwombee."

Nikacheka, hata Cherono akacheka. Kisha Kipruto akavua miwani ya kuchomelea akaniangalia. "Nani anasema? Griffin?" Nikapuliza chai. Akavaa miwani, akarudi kwa kazi.

Sasa nisikilize. Ya Elkanah ilipotelea Buyangu kwenye mazishi, katikati ya pikipiki nyingi za waombolezaji. Siku hiyo Kipruto hakutoka kwake; sisi wenyewe tulimwacha akichomelea tukienda, tukamkuta akichomelea tukirudi. Na nikuulize jambo ambalo hutalipenda: kama fundi wetu angekuwa Ignatius, mtoto wa hapahapa, ungeandika barua hiyo? Au ni jina lake la Kinandi linalokufanya ufikirie haraka hivyo?

Kula vizuri. Usimchoshe Mama na siasa.

Dadako,
Gentrix

*

Malava,
17 Februari 2025

Komredi dada,

Salamu. Dawa imefika, Mama anashukuru. Nami nakushukuru kwa chai uliyoninywea kwa Kipruto. Ilikuwa tamu, bila shaka. Naionja katika kila mstari wa barua yako.

Nimeisoma mara mbili, na kila utetezi ulioandika umezidi kunitia wasiwasi. Mtu anaambiwa anashukiwa, naye anafanya mzaha: je, mzaha si pazia? Anauliza ni nani aliyesema: mwenye mikono safi ana haja gani na jina la anayemtilia shaka? Mji mzima unakwenda kuzika, yeye habanduki kwake: kwa nini? Wewe unasema hakutoka. Mimi nasema mtu anayehakikisha ameonekana siku nzima ni mtu aliyejua kwamba siku hiyo ataulizwa. Mwizi mwenye akili hatumii mikono yake, hutuma mikono ya wengine na siri zake.

Kuhusu kabila, nakataa kuzibwa mdomo kwa hoja hiyo. Haki haiulizi mtu amezaliwa wapi, wala haimwogopi kwa sababu amezaliwa kwingine.

Niliyotaka yasomwe hukuyasoma. Mwenyekiti anayesimama mbele ya mshukiwa huwakinga watu wasimwone. Sijui unafanya hivyo kwa huruma au kwa sababu nyingine, na inaniuma kwamba sijui. Kwa hiyo nimeandika barua nyingine, kali kuliko ya kwanza, nikaituma moja kwa moja kwa Elkanah. Yeye ndiye aliyepoteza. Ataisoma pale steji, na watu wataamua.

Nduguyo, bado,
Griffin

*

Amalemba,
10 Machi 2025

Griffin,

Mama hajambo? Mimi ni mzima. Salamu zimeishia hapo.

Sikukuandikia majuma haya kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa tusi. Elkanah aliisoma barua yako akiwa juu ya tangi la pikipiki ya mtu. Anasoma vizuri, kumbe. Alipofika pale ulipoandika "lango linalofungwa na mwizi halimfungii mwizi nje," hawakungoja umalizie. Waliondoka wakiimba ule wimbo wako wa maandamano. Mimi nilisimama njiani nimenyoosha mikono, nikiita jina la kila mmoja, wakanipita kama maji yanavyopita jiwe. Lango waliling'oa na bawaba zake. Mashine ya kuchomelea wakaibeba. Kipruto hakupigana. Alisimama mlangoni amemficha Cherono nyuma yake, akiwatazama mmoja mmoja, wale aliowafungia taa kwa mkopo. Jiwe likampata juu ya jicho. Siku ileile walihama, wako Kapsabet kwa kaka yake Cherono.

Hakuna pikipiki iliyopatikana kwake. Walisema ameshaziuza.

Sasa sikia ya juzi. Jumamosi tulikwenda kumchukua marehemu mwalimu Cleophas tumpeleke kwake Buyangu. Unajua desturi yetu pale mochari: pikipiki zinabanana langoni, kila mtu anaacha ufunguo mahali pake na swichi ya siri ameifungua, ili gari la maiti likitoka, yeyote aisogeze yoyote. Ndiyo heshima yetu ya mwisho, kumwambia marehemu kwamba hatutamzuilia njia. Niliiacha yangu hivyo, nikaingia ndani kuwashika mkono wajane.

Nilipotoka, msafara umeanza na yangu haipo. Nikajua imesogezwa, iko mbele na mwenzangu. Nikapanda nyuma ya mwenzetu wa steji, Weldon. Mbele kabisa kulikuwa na pikipiki moja iliyofunikwa matawi usukani mpaka namba, mwendeshaji naye amejifunga majani kichwani, anapiga honi kwa uchungu kuliko wafiwa. Kwenye makutano, vijana wetu wa ulinzi, wale tuliowaweka na kamba yao wazuie pikipiki yoyote ya steji inayotoka mjini bila mwenyewe, waliishusha kamba wakainamisha vichwa. Hata mimi nilinyoosha mkono kuyazuia magari yampishe. Nilimfungulia njia, Griffin. Kwenye njia ya Buyangu sote tukakata kulia. Yeye akaenda moja kwa moja. Weldon akasema, "Huyo anatafuta petroli." Nilizunguka boma la mwalimu nikitafuta pikipiki yangu mpaka mchungaji akaanza kuomba.

Tumekaa na Elkanah na wale wawili wa kwanza kuibiwa, tukaulizana. Zote zilipotea siku ya mazishi. Hatukuona, kwa sababu Jumamosi kwetu ni mazishi kama Jumapili ilivyo kanisa. Mwizi hakuhitaji kusoma kundi la simu. Redio inamtangazia jina la marehemu na siku. Na vijana kwenye kamba, nilipowakemea, walinijibu nini? "Griffin alisema mwombolezaji hazuiliwi na mtu." Ni kweli. Mwaka jana polisi walipokuwa wanatusimamisha na maiti zetu ili tuwape kitu kidogo, uliongoza maandamano tukashinda. Ulikuwa na haki. Siku ile nilijivuna kuwa dadako. Lakini tangu hapo, mtu akibeba tawi anapita.

Nilimpigia Kipruto simu. Nikaanza kusema pole, akanikata. "Sitaki pole ya simu. Mwambie Griffin aje aisome ile barua mbele yangu, yote, sauti ileile, kwa watu walewale. Nikimaliza kumsikia, nitajua kama lango nalisimamisha au nauza kiwanja."

Wateja wangu nimemwachia Weldon. Natembea.

Gentrix

*

Malava,
Jumatano, 19 Machi 2025

Makomredi wa Amalemba, wenye pikipiki na mlioporwa, mlioimba na mliojificha wimbo ulipoanza. Na wewe, dada yangu unayetembea,

Nawasalimu nyote. Mama ni mzima, ila tangu nimsomee barua ya Gentrix hanisemeshi isipokuwa chakula kikiwa tayari. Safari hii namwomba mwenyekiti wangu anisomee kwa sauti, akipenda. Asipopenda, atakuwa na sababu.

Jumamosi ile ya mwalimu Cleophas nilikuwa nimesimama hapa kando ya barabara ya Webuye, jembe begani. Ikapita pikipiki moja, imevikwa matawi, peke yake, ikipiga honi. Nikadhani ni mwombolezaji aliyetangulia. Nikavua kofia. Kisha, makomredi, nikainua ngumi juu kumpa heshima ya umma, naye akanijibu kwa honi mbili. Ilikuwa ya dada yangu. Niliyezoea kumshuku kila mtu, yule sikumshuku, maana alivaa majani niliyompa mimi.

Kuanzia leo, msibani kila mtu atatoka na ufunguo wake mfukoni na swichi yake ameifunga. Pikipiki zitasimama nje ya njia ya mochari, gari la maiti lipite bila kusogezewa chochote, marehemu hatatukasirikia. Matawi yafungwe, namba ionekane. Na kamba isishushwe kwa sababu ya majani: mwombolezaji aulizwe kwa adabu anamzika nani. Aliyefiwa atajibu. Polisi hatutawarudishia njia yetu. Tutailinda sisi wenyewe, na kujiuliza sisi wenyewe.

Nimesikia wapo wanaonong'ona kwamba huenda Kipruto anajuana na yule wa matawi, kwamba hatujui, kwamba ni vizuri kuendelea kuuliza. Hoja hiyo naitambua kwa mwendo wake, maana ilitoka nyumbani kwangu. Nayo haina mwisho. Ningeweza kuitumia kesho juu ya yeyote kati yenu. Nilianza kuitumia juu ya dada yangu, aliyebaki njiani peke yake mkimpita. Gentrix, uliniuliza kuhusu Ignatius, nami nikajibu kwa hotuba. Jibu ni kwamba nisingeandika.

Waliobeba mashine ya kuchomelea wairudishe uwanjani. Sitauliza ni nani. Weldon amekubali kuleta bawaba mpya. Elkanah, ile barua usiichome. Njoo nayo, maana mimi sikubaki na nakala, na nikiiandika upya nitailainisha.

Nilizungumza na Kipruto jana. Maneno yake yalikuwa machache. Anakuja na Cherono, hajasema kama analala Amalemba au anarudi Kapsabet, na hakunipa sababu ya kutumaini. Atakaa kiti cha mbele. Sitakatiza mstari wala kueleza nilimaanisha nini. Nikimaliza, neno ni lake, na hakuna atakayeimba.

Tunakutana Jumapili hii, tarehe 23, saa nane mchana, pale lango lilipolala. Njooni kwa miguu.

Nduguyo,
Griffin