Mita Arobaini za Dhahabu

5 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepunguza kuuma? Mimi mzima, ila vumbi la hapa kambini tunalila kama chakula.

Baba, nimeshindwa kunyamaza. Majibu ya maabara ya shimo la kwanza yamefika: dhahabu kwa mita arobaini mfululizo! Mahali pa kuchoronga shimo hilo nilichagua mimi, na mkuu wa kambi amenipa mkono mbele ya wote. Sasa mashine ya kutoboa mwamba imehamia upande wa pili wa kilima.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, tumeshazoeana. Nilipoisoma barua yako nilipiga ukelele karakanani, wateja wakadhani nimejikata kidole na msumeno.

Mdogo wako naye kapata moto. Anasema kufundisha kumemchosha, mgodi ukifunguliwa atakufuata huko. Nimemwambia asubiri, lakini unamjua, hashikiki.

Baba yako


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio umeingia baridi. Tafadhali, mwambie mdogo wangu asiache kazi.

Shimo la pili limekatiza mshipa wa dhahabu, na unene wake haufiki mita moja. Nikarudi kwenye vipande vya mwamba tulivyovitoa shimo la kwanza, nikavitazama upya. Mshipa haukatizi vipande vile, unatembea navyo kutoka juu mpaka chini. Umeinama ardhini, na mimi niliinamisha mashine upande uleule. Ni sawa na wewe kulaza futi kwenye urefu wa ubao, halafu useme huo ndio unene wake.

Mkuu nimemwambia. Anataka ripoti itaje mita arobaini tu, wenye mtaji wasikimbie, na sahihi iwe yangu. Nisiposaini ananifukuza. Nikisaini kazi ipo, na mdogo wangu huenda akapata nafasi. Nifanyeje?

Mwanao


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umechelewa. Mdogo wako ameshaacha kazi, na shuleni wameshaweka mtu mwingine. Nilipomsomea barua yako alibamiza mlango akaondoka. Nami nilikukasirikia, nisikufiche.

Jioni akaja karakanani, akashika randa, akaanza kulainisha mbao bila kuombwa. Anaziharibu, nikamwacha. Baadaye akasema, "Mwandikie Dada asisaini. Akisaini, na wengine wataacha kazi zao."

Mimi sina la kuongeza. Njoo nyumbani. Mbao nilizokuwa nimerundika chumbani kwako nimeshazitoa.

Baba yako