Theluji ya Kopo la Samli

Shoga yangu Zuwena,

Huko ulipo sijui watu wanaamkiana vipi, kwa hiyo nakuamkia kama siku zote: hujambo weye, na umekula? Mimi nimekula, tena nimeshiba. Leo ni siku ya pili ya Krismasi, vyombo vya jana bado vimelala karoni, na nimeviacha makusudi kwa sababu nina habari isiyongoja. Theluji imeonekana Unguja. Imeonekana nyumbani kwangu, juu ya meza, mbele ya mama yako na mwanao Rukia. Sitaki mtu mwingine akufikishie kabla yangu.

Kwanza habari za dunia. Nimehama Mkunazini, nimepewa nyumba kwenye majumba mapya ya Michenzani, ghorofani kabisa. Ni nyumba nzuri, ina madirisha mapana na upepo wa kutosha, ila maji hayapendi kupanda ngazi. Tunayapandisha wenyewe kwa ndoo, na najua ungesema hilo nalo ni somo la sayansi. Unga wa ngano umeadimika. Tunapanga foleni tangu alfajiri, na mara nyingine tunarudi na mikoba mitupu na habari za watu. Darasa lako la sayansi amepewa kijana mmoja mpole. Anafundisha vizuri, lakini anaogopa mende, na wasichana wameshalijua hilo.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa Krismasi ya kwanza baada ya Mapinduzi. Watu walikuwa bado wanapimana kwa macho, nani babu yake katoka wapi. Wako walitoka Uarabuni, wangu walitoka bara, nami nikajiambia kuwa mwaka huu sahani ya Zuwena haitakuja. Mchana wewe ukabisha hodi, sahani mkononi, sambusa zimefunikwa kwa kitambaa chako cha kudarizi. Ukaketi kama kawaida, ukautazama mti wangu wa Krismasi, ukasema, "Tekla, sikukuu yenu nzuri, lakini haina mtu wa sayansi. Basi kuanzia leo n'takuwa mie."

Ukaanza na mti. Ulikuwa tawi la mvinje, kama miti yote ya Krismasi ya Unguja. Ukachuma ule uzi wa kijani ambao sote tunauita jani, ukaukongoa kiungo kwa kiungo, ukanionesha kuwa si jani ila ni kijitawi, na majani yenyewe ni yale meno madogo kwenye kila kiungo. Miaka yote nilikuwa nikipamba mti nisioyajua majani yake!

Ukaja kwa Baba Krismasi. Koti zito lile na mabuti, katika joto la Desemba, ulisema angezimia Darajani kabla hajagawa hata peremende moja. Bomba la moshi hatuna, sasa angeingilia wapi? Na vichochoro vya Mji Mkongwe, bila mtu wa kumshika mkono, mpaka Idi angekuwa bado anazunguka Sokomuhogo na mzigo wake mgongoni. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nyota ya Bethlehemu uliigusa kwa adabu, maana uliijua mipaka yako. Ulisema tu kuwa nyota iko mbali mno, na ingesimama juu ya mji wetu, kila nyumba ingeapa kuwa imesimama juu ya paa lake, na kesi ingefika mahakamani.

Tatizo ni sufi. Nilikuwa nikitandaza sufi juu ya mvinje ili iwe theluji, ile ile ya kutilia mito, na kila mwaka iliruka ikatuingia puani tukapiga chafya wote. Rukia alikuwa mdogo bado, amekaa mapajani pako. Akauliza kama hiyo ndiyo theluji yenyewe. Wewe hukujua kumdanganya mtoto. Ukamwambia, "Hapana, mwanangu. Hii sufi tu. Ya kweli atakuonesha mamako, hapa hapa Unguja."

Zuwena, kwa nini mdomo wako haukuwa na kizuizi?

Kila Krismasi tangu hapo tulikuwa na shughuli yetu. Wewe na kopo la samli lililosuguliwa likang'aa, mimi na barafu iliyovingirishwa gunia. Tunaivunjavunja kwa mchi, tunaitia koponi pamoja na chumvi ya mawe, mimi nakoroga kwa mwiko, wewe unaeleza. Majirani wamejaa mlangoni. Ulikuwa ukisema, "Barafu ikitiwa chumvi huyeyuka mbio, na kuyeyuka kwataka joto, basi italinyang'anya kopo. Kopo likishikwa na baridi ya kutosha, hewa itakayoligusa itaacha maji yake nje yake, na maji yataganda meupe. Maji hayo hayatoki koponi, yatoka hewani!" Na hewa yetu, ulisema, ina maji ya kutosha kufulia nguo.

Kopo lilitoka jasho, ndiyo. Theluji haikuja. Mwaka mmoja ukalaumu barafu kuwa chakavu, mwaka mwingine chumvi, mwaka mwingine upepo wa dirishani. Watu walikuwa wakienda zao wakicheka, sisi tukinywa sharubati ya ukwaju kwa barafu iliyobaki, na wewe husononeki hata kidogo. "Sayansi haina haya," ulikuwa ukisema. "Mwakani." Rukia naye alikuwa akirudia nyuma yako, "Mwakani."

Mwakani ikaja, wewe hukuja. Masika ya mwaka huu homa ikakuchukua. Sitaiandika hapa, uliiona mwenyewe.

Nikwambie lililonikaa kooni. Baada ya arubaini yako wasichana shuleni walianza kumtania Rukia. Mmoja alikuwa akimmwagia unga wa chaki mezani na kusema, theluji ya mamako hiyo. Siku moja nikamkuta chooni analia. Nilipomshika bega akanitazama kwa macho yale yale yako, akaniambia, "Mama alikuwa muongo." Akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Tangu siku ile hakutaka hata kusikia jina la Krismasi.

Mimi ni mwalimu wa kushona. Najua sindano, najua uzi, najua kupima kiuno cha mtu kwa macho. Lakini nilijiambia, kufa umekufa, muongo hutaitwa, si mimi nikiwa hai. Nikamwendea mama yako, nikamwomba aje Krismasi na mtoto, hata kwa kumvuta.

Wakaja jana mchana. Mama yako, Bi Salama, alipanda ngazi zote zile akipumzika kila kituo, na sahani yenu mkononi, Zuwena. Sambusa, kitambaa kile kile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu sote wawili tukaiangalia ile sahani. Keki sikuwa nayo, nilipika mkate wa kumimina wa mchele, makaa juu na makaa chini. Rukia alikaa pembeni mwa meza, amekunja mikono, hata mkate hakuugusa.

Nikatoa kopo lako. Nililiomba kwa mama yako baada ya matanga, nikasema nataka la kutilia vifungo. Nikatia barafu, nikatia chumvi, nikakoroga. Hakukuwa na mtu wa kueleza. Ulisikika mwiko tu, na watoto wakicheza chini uwanjani. Kopo likaanza kutoka jasho kama miaka yote.

Bi Salama akainua pindo la kanga yake, akanyoosha mkono alifute. Unajua alivyo. Chombo kinachotoka jasho hakiwekwi mbele za watu, hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyolea.

Rukia akamdaka mkono. "Bibi, usifute! Mama alikuwa akifuta hapo hapo."

Tukaganda, sisi kabla ya kopo. Na mimi nikakuona, shoga yangu, wazi kama uko mbele yangu. Unaeleza, macho kwa watu, mdomo haupumziki, na mkono wako wa kulia unalipangusa kopo kwa pindo la kanga, unapangusa na kupangusa, kwa sababu una wageni na kopo lina jasho. Miaka yote ile! Barafu haikuwa na kosa, chumvi haikuwa na kosa, upepo tuliusingizia bure. Theluji ilikuwa ikija kila Krismasi kwa adabu zake, na wewe unaifuta kwa adabu zako.

Nikaendelea kukoroga. Hatukuligusa tena. Chini ya kopo, kule chumvi ilikozama, pakaingia weupe, mwembamba kama ukoko wa maziwa. Ukapanda. Ukalizunguka kopo lote, mweupe, una manyoya madogo madogo. Najua ungenisahihisha kuwa hii si theluji hasa, kwamba theluji huanguka kutoka mbinguni. Sawa, mwalimu. Lakini ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja.

Rukia akaikwangua kwa ukucha, akaitazama, akaitia ulimini. Akafumba macho. Halafu akasema, "Haina chumvi."

Umesikia? Haina chumvi! Kopo zima limejaa chumvi na ile haina. Ilitoka hewani, kama ulivyosema. Mtoto hakuambiwa na mtu, alionja mwenyewe. Akasema tena, safari hii kwa kupiga kelele, "Haina chumvi! Mama alisema kweli! Alikuwa akiifuta tu!" Akacheka, kile kicheko chako cha kujishika tumbo, na katikati ya kicheko akalia, nikamkumbatia, mwiko bado mkononi, tukalowana sote wawili.

Bi Salama alikuwa amekaa na pindo lake la kanga mkononi. Akasema, "Na kufuta huko nilimfunza mie." Akacheka naye, kidogo. Kisha pindo lile akafutia macho.

Nimelia sana kwa ajili yako mwaka huu, Zuwena, lakini jana nililia kwa raha.

Rukia ameshaniambia kuwa shule zikifunguliwa atalibeba kopo darasani, amwoneshe yule kijana anayeogopa mende, na yule msichana wa chaki atakaa mbele kabisa. Barafu nitampelekea mimi. Na ahadi yangu kwako ni hii: kila Krismasi, maadamu napumua, kopo lako litawekwa mezani kwangu, na Rukia ndiye atakayekuwa mtu wa sayansi wa sikukuu yetu. Sahani yenu jana imerudi na mkate wa kumimina. Tupu haitarudi.

Walipoondoka, theluji ya kopo ilianza kuyeyuka. Maji yakatiririka juu ya kitambaa changu kipya cha meza, nilichokidarizi miezi mizima, yakadondoka mpaka sakafuni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga. Nikaurudisha. Nikaketi nikaliangalia kopo lako likitoka jasho mpaka likakauka lenyewe.

Pumzika sasa, shoga yangu. Pumzisha na mkono wako wa kulia. Hatufuti tena.

Wako,
Tekla