Vyeti Vyako Vitatu

Mpendwa kaka Athumani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kufa kwako hakujaniondolea adabu.

Unalikumbuka baraza letu la Kariakoo, wewe kwenye cherehani, mimi pembeni napiga pasi ya mkaa na kuwasimulia wateja bandari zote nilizotembea? Zilikuwa mbili. Ulijua, ukanisitiri. Siku mguu wako ulipoanza kuteleza kwenye pedeli, nilikuuliza mbele ya watu kama tembo la mnazi limekuingia miguuni. Wakacheka. Wewe uliutazama mguu kama wa mtu mwingine, ukasema, "Hamisi, siusikii."

Kisha likaja tumbo, wiki unahara, wiki umefunga. Kisha pumzi ikawa fupi. Na mimi bingwa wa foleni, niliyejua duka gani la ushirika limeletewa sukari kabla ya meneja wake, nikakupa somo: kwenye foleni ya sabuni huulizi sukari, watakutoa. Basi kwa daktari wa miguu tukasema miguu. Kwa wa tumbo, tumbo. Kwa wa moyo, moyo. Ulipotaka kuongeza neno nilikufinya. Tukarudi na vyeti vitatu, kila daktari na kipande chake cha Athumani.

Ulipofariki, nilikuosha mimi. Sikulia. Mpaka leo sijalia, nakunywa chai tu, napiga pasi.

Mwezi uliopita kaa la pasi liliniangukia mguuni. Harufu ndiyo iliyoniambia. Mteja alipiga kelele, mimi nikawa natazama.

Binti yako Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu, hakubishana nami. Alifungua sanduku lako, akatoa vyeti vyote vitatu, tukaenda hospitali. Nikaanza kama kawaida yangu: "Miguu tu, daktari."

"Baba mdogo," akasema, "sema yote."

Nikasema yote, yako na yangu, na ya mama aliyetembea kama anakanyaga pamba mpaka akazikwa. Daktari akavipanga vyeti vyako mezani, akatoka, akarudi na wenzake, wa tumbo na wa moyo. Wakakaa benchi moja wakibishana juu ya mtu mmoja. Kaka, mimi mtembezi wa dunia sijaona foleni ya namna hiyo, wenye dirisha ndio wanaokuja kwa mteja.

Wakanikata kinyama kidogo, wakapima. Ugonjwa wetu unaitwa amiloidosisi, nautamka vizuri kuliko muuguzi. Ni wa kurithi. Uchafu fulani wa mwili unaganda kwenye mishipa ya fahamu, tumboni, moyoni. Dawa ya kuuondoa hawana, hawakunificha. Ila wa moyo akibadilisha kidonge, wa tumbo anajua, na muuguzi ananikagua nyayo. Nina cheti kimoja, kinene.

Kisha wakauliza kama marehemu aliacha watoto. Zuhura akavua viatu mwenyewe, akafumba macho. Daktari akamgusa kwa sindano mguu wa kulia. Akasema anasikia. Wa kushoto, akakawia. Nikaona anataka kunyamaza, na mkono wangu ukaenda kwa mazoea kumfinya. Nikaurudisha.

"Sema, mwanangu."

"Siusikii," akasema.

Hata hapo sikulia. Nilimfunga kamba za viatu, nikakaza ya kushoto polepole nisimuumize, kisha nikakumbuka hausikii.

Jumatatu tunarudi wote wawili, benchi lilelile. Lala, kaka. Usitungoje haraka.

Mdogo wako niliyekufinya,
Hamisi