Mto Wako wa Sufi

Mama Neema,

Shikamoo. Usicheke. Umenitangulia huko, basi wewe ndiye mkubwa, na leo naamkia mimi.

Hapa Iguguno alizeti imekubali, mashine ya kukamua hailali. Wakiosha mapipa, maji yenye mafuta yanateremka mtaroni mpaka kwenye bustani yako ya mchicha, kama zamani. Yale magunia ya katani uliyoyajaza sufi ukayatega mtaroni yanase mafuta, tumeyakamua na kuyarudisha mpaka sufi imekuwa uji. Na msufi wa kanisani haujapasua hata tunda moja.

Ulivyokuwa ukinisema mbele za watu! "Sufi inakataa maji kama huyu mzee anavyokataa kuoga, lakini mafuta inayanywa." Wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini. Siku hizi hakuna wa kunitukana vizuri. Neema ananiheshimu mno, ananichosha.

Juzi mchicha ukaanza kunyauka, udongo unang'aa mafuta. Neema akasema, "Baba, kitandani kuna mito miwili ya sufi." Nikawahi kutoa wangu. Tukaupasua, tukajaza gunia, mafuta yakapita kama hayajaona kitu. Kumbe sufi yangu ilishashiba! Miaka yote hiyo naipaka mafuta ya nywele, na nywele zenyewe za kuhesabu. Wewe ulilala na kitambaa kichwani. Sufi yako kavu, nyeupe.

Nikaupakata mto wako tangu asubuhi kama mjukuu. Bado ulikuwa na harufu yako, moshi wa kuni na sabuni ya mche. Nikasema, mchicha na ufe, kwani mimi mbuzi? Halafu nikakuona, mama, ukimwagilia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ubavu, na mimi nakuambia pumzika, na wewe husikii.

Nikaukata mwenyewe, palepale kwenye mshono wako.

Maji sasa yanatoka chini ya gunia hayana utando. Mchicha umeinuka. Harufu yako imezama kwenye mafuta, basi.

Nakuahidi, maadamu mgongo huu unainama, bustani yako haitakunywa mafuta. Kwaheri, Mama Neema. Lala.

Mimi nalalia mkono. Ukifa ganzi naamka, naushika, nadhani ni wako.

Mzee wako