Roki Tulizosikiliza na Anjelina Mwaka Huu

Kimara,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 5 Desemba 2024.

Mpendwa Kaka Edgar,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Babu pia mzima, na mguu wake haumsumbui sana sasa kwa kuwa mvua zimepungua. Yule ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa, amezaa? Mama kanituma niulize, lakini hata mimi nataka kujua.

Sisi tupo. Sitaandika kwamba hatujambo kabisa, kwa sababu mdogo wangu Anjelina ametoka wodini Jumatatu na bado anatembea akishika ukuta. Selimundu yake imemkamata mara nyingi mwaka huu kuliko miaka yote. Mama anakohoa. Baba anaenda kazini na kurudi, haongei sana. Mimi siumwi, nimechoka tu. Mitihani ya kidato cha tatu imekwisha, nilifikiri nitalala, lakini maji ya bomba hayajatoka tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kazi yangu ni ndoo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu tangu yako iharibike hapo nyumbani imebaki moja, ya baba mkubwa Leonardi, naye akiipokea huweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie. Nina jambo ambalo nyumba nzima haipaswi kulisikia kwanza kutoka kwangu. Baba anataka kumleta Anjelina huko Kibosho Krismasi hii, na mimi naogopa. Nitalieleza vizuri hapo chini. Kama nikianza nalo sitaweza kuandika mengine, na nisipoandika ya roki utafikiri nimegeuka mtu mwingine.

Najua desturi yetu ni kukaa nyuma ya zizi, kila mtu na nyimbo zake za mwaka, halafu aliyeshindwa anakata majani ya ng'ombe sikukuu nzima. Mwaka jana nilikata mimi, zile siku tulizokuwepo. Bado nakumbuka ulivyosema wimbo wangu bora ni wa mtu anayegombana na friji. Mwaka huu nimekuwekea zote kwenye memori kadi, imo humu ndani, nimeizungushia karatasi ya daftari isipotee; ichomeke kwenye redio. Jihukumie mwenyewe, lakini hukumu kwa haki, maana sitakuwepo kujitetea.

Wa kwanza kuusikia ulikuwa “Kokoto,” wa wale vijana wa Nairobi wanaojiita Bati la Moto. Nilipewa na Mazin, ambaye tunakaa dawati moja. Ndiye mtu pekee darasani ambaye hajawahi kuniuliza kama nimeokoka au nimepotea. Ngoma za wimbo huo zinaanza kama lori linalomwaga kokoto mbele ya nyumba, halafu gitaa linaingia kama vile limechelewa na halitaki kuomba radhi. Mwimbaji humsikii vizuri, na nafikiri ni makusudi.

Nisingeupenda kiasi hiki kama si Anjelina. Tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, maumivu ya miguu yamemwanza, Mama kaenda kutafuta faili. Sikujua la kufanya. Nikamchomekea spika moja ya sikioni, nyingine nikabaki nayo. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Huyu naye anaumwa?” akaniuliza.

“Haumwi. Anaimba.”

“Basi anaimba ninavyoumwa mie. Rudia.”

Tukaurudia mpaka tulipoitwa. Tangu siku hiyo roki si yangu peke yangu tena, na nyimbo zote nilizokuwekea zimepita kwake. Mama mwanzoni alikataa. Alisema, “Gau, unamchanganya mtoto. Hiyo ni nyimbo au mashine ya kusaga?” Anjelina akamjibu, “Mama niache, nimepata mgonjwa mwenzangu.” Mama akacheka bila kutaka, na tangu hapo hakusema tena.

Wa pili ni wa wanawake wanne wa Peru. Jina la bendi yao siwezi kulitamka, utaliona kwenye kadi. Wanaimba Kihispania. Nilikwenda maktaba ya shule kutafuta kamusi, nikakuta ya Kifaransa tu, tena haina kurasa za mwisho. Kwa hiyo Anjelina ameupa maana yake mwenyewe: mama mmoja kapoteza kuku, anawatuhumu majirani mmoja mmoja. Ukiusikiliza kwa maana hiyo unaona kabisa jirani yupi amekasirika. Sikiliza gitaa la besi, linatembea polepole na halibadiliki. Maumivu yakianza Anjelina anavuta pumzi pamoja nalo, anaitoa pamoja nalo. Daktari alimfundisha kupumua hivyo, lakini bila besi alikuwa hawezi.

Wa tatu nauweka kwa sababu ya Anjelina. Mimi peke yangu nisingeuweka. Ni wa vijana watatu wa Mwanza, Miamba, unaitwa “Fundi Umeme.” Gitaa ni dhaifu, na katikati unamsikia jogoo aliyekuwa nje ya chumba walichorekodia. Nilimwambia hatuwezi kumpelekea Edgar wimbo wenye jogoo, ataufanyia mzaha. Akasema jogoo ndiye anayejua kuimba kuliko wote. Basi huo upo.

Kuna mmoja ambao mimi niliupenda sana, wa kundi la Gaborone, mrefu, mzito, wenye magitaa mawili yanayofukuzana. Nilikuwa nausikiliza nikibeba maji, na ndoo ilikuwa haiwi nzito. Lakini ndio uliokuwa ukijirudia kichwani mwangu siku ile ya Agosti waliponifuata darasani kuniambia mdogo wangu ameanguka shuleni kwao. Sasa ukianza tu, naupita. Si kosa la wimbo. Wewe usikilize, labda kwako utakuwa mzuri kama ulivyokuwa kwangu.

Na wa mwaka ni ule wa wazee wa Finland. Nasema wazee kwa sababu nimeona picha, wana mvi kama baba mkubwa. Unaanza kwa kelele kubwa, halafu katikati kila kitu kinanyamaza. Kabisa. Mara ya kwanza nilidhani simu imezima. Kimya kinakaa hata unaanza kukasirika, ndipo gitaa moja linarudi, halafu yote. Wodini wiki iliyopita Anjelina alikuwa ananishika mkono kwenye kile kimya, ananibana kwa nguvu, na gitaa likirudi anauachia. Muuguzi mmoja akatuuliza, “Nyie wawili mnasikiliza nini hapo kila siku?” Nikaona aibu. Anjelina akampa spika yake. Muuguzi akasikiliza kidogo, akairudisha, akasema, “Mh! Poleni sana.” Wa kitanda cha jirani wakacheka, na Anjelina akacheka mpaka akaanza kuumwa tena.

Sasa nifike kwenye lile jambo, nimelizunguka vya kutosha.

Jumapili iliyopita Babu alipiga simu. Baba naye aliweka sauti kubwa, kwa hiyo tulisikia sote. Babu alisema, “Mwaka huu mniletee huyo binti. Mwaka jana alichoka kidogo na safari, akalala, akapona. Hewa ya nyumbani ndiyo dawa yake. Nataka nimwekee mkono kichwani kabla sijaondoka duniani.” Baba akajibu, “Ndiyo, baba.” Mama akainuka akatoka nje.

Kaka Edgar, wewe unajua mwaka jana hakuchoka na safari. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni kutoka kwenye migomba mpaka barabara ya lami, kwenye ile baridi ya asubuhi, naye amekung'ata sweta lako ili asipige kelele. Mimi nilikuwa nyuma na blanketi. Nilisikia pia wazee walivyoamua pale walipokuwa wakichoma mbuzi, kwamba mzee asiharibiwe sikukuu. Babu akaambiwa mtoto amelala. Baadaye akaambiwa tumeondoka mapema kwa sababu Baba kaitwa kazini. Kumbe tulikuwa hospitali ya mjini, na mwaka mpya ulitukuta huko huko.

Simlaumu mtu. Ndivyo tulivyolelewa, habari mbaya haimfikii mzee nyama ikiwa motoni. Walifanya kwa heshima. Lakini nimefikiri sana wiki hii, na naona kwamba Babu si mkaidi kama Mama anavyodhani. Babu hajui. Anachokijua ni kile tulichomwambia, na kwa alichoambiwa, anachosema ni sahihi. Mtoto aliyechoka na safari kwa nini asije?

Daktari ametuambia wazi kwamba baridi na ule mwinuko ni hatari kwake, hasa sasa ambapo damu yake iko chini. Alisema mwaka jana tulipata bahati. Baba alikuwepo na alitikisa kichwa kukubali. Lakini nyumbani Mama alipomwambia ampigie Babu, alisema, “Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya kwenye meza yake, siku ya Krismasi?” Mama akasema, “Mwambie hivyo hivyo.” Baba akachukua kofia yake akatoka. Sikuwahi kabla kumwona Baba anaogopa, na sikupenda kumwona hivyo.

Amesema atampa Babu jibu Jumapili hii baada ya misa, maana tiketi za mabasi zinaisha. Akishamwambia Babu tunakuja, hatabadilisha tena. Unamjua.

Na Anjelina mwenyewe anataka kuja. Hilo ndilo linaloniumiza. Ameshatoa masweta kabatini. Anasema, “Si nitavaa mawili? Babu atanipa maini, na nikiumwa kaka Edgar atanibeba tena.” Anasema kwa utani, lakini najua anataka tu wazee wasigombane kwa ajili yake.

Ninachokuomba ni hiki. Mwambie Babu ukweli kabla ya Jumapili. Barua hii naipeleka stendi ya Mbezi kesho alfajiri, nitampa kondakta aiache dukani pale njia panda wakufikishie, kwa hiyo utakuwa na Jumamosi nzima. Usimwambie mbele ya watu. Mwambie mkiwa wawili zizini, kama unavyomwambia habari za ng'ombe. Mwambie ulichokiona, usiongeze, usipunguze. Na mwambie Baba alinyamaza kwa sababu ya kumheshimu, ili asije akaumia zaidi kwa uongo kuliko kwa ugonjwa.

Najua nakuomba uwavuke baba mkubwa na wengine walioamua. Labda watakukasirikia. Ningesema mwenyewe, nilijaribu. Juzi niliomba simu, maana yangu ni ya nyimbo tu, Baba akanipigia, nikapewa Babu. Nikasema shikamoo. Babu akasema marahaba, Gaudens, unasoma? Nikasema nasoma, Babu. Halafu sauti yangu ikaisha. Babu akasema, “Haya, mpe baba yako.” Naona aibu mpaka leo. Wewe una miaka ishirini, unaishi naye, na wewe ndiye uliyembeba. Hukuwahi kumdanganya Babu hata kuhusu ndama aliyekufa. Wewe atakusikia.

Kama ni baraka, naamini mkono wa Babu unaweza kufika hata kwa simu. Na kama lazima amguse, mabasi yanayopanda huko ndiyo hayo hayo yanayoshuka. Tutampa kitanda changu. Nitalala sebuleni bila kinyongo.

Nimeandika kirefu kuliko nilivyokusudia na mkono umechoka. Anjelina ameamka, anaita maji.

Nisalimie baba mkubwa Leonardi na mama mkubwa, waambie Mama anawakumbuka. Msalimie bibi, mwambie ndizi alizotuma zilifika na hazikuoza hata moja. Mungu akupe nguvu na maneno mazuri, na awalinde wote hapo nyumbani.

Salamu za Babu nimeziacha mwisho. Naomba usimpe kabla. Ukishamweleza, na ukaona yuko tayari kusikia kitu kingine, ndipo umwambie kwamba Gaudens anamwamkia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukutegemea,

Gaudens