Maswali ya Darasani na Maswali ya Mahakamani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, tata. Hapo Nyansurura mmeamkaje? Mguu wa mama umepoa? Na mtama mmewahi kuuvuna, au nyani wamewatangulia tena? Mimi huku Tarime ni mzima, ila sabuni dukani haipatikani, tumeshaisahau.

Baba mdogo amenifikishia maneno yako: mbona niliandika nakwenda kufanya mtihani, nanyi mmesikia mnadani kwamba nimesimamishwa mahakamani nikaulizwa maswali mbele ya watu? Nimekosa nini? Baba, sijakosa lolote. Yote mawili ni kweli, na yalitokea juma moja.

Mtihani ulikuwa wa ualimu, wa kumaliza mazoezi yangu ya kufundisha katika shule ya hapa. Tulikaa kila mmoja mbali na mwenzake, kimya, msimamizi akizunguka. Aliyetunga maswali anayajua majibu. Anachotaka ni kuona kama nawe unayajua. Usipojua, unaacha pengo na alama zinakwenda.

Mahakamani niliitwa kama shahidi. Mzee Chacha, huyu aliyenipa chumba hapa kijijini, aliibiwa ng'ombe. Alfajiri ile nilikuwa nakwenda kuchota maji, nikaona mtu kwenye ukungu akiwaswaga, amejifunika blanketi jekundu. Nilimwona mgongo tu. Akakamatwa jirani yetu Marwa, akahojiwa polisi, kwa kuwa analo blanketi kama hilo na waliwahi kugombana na mzee kuhusu malisho.

Kabla ya kesi mzee aliniita. "Binti yangu, unakula kwangu. Sema ni Marwa, yaishe."

Nikachukua ndoo, nikatoka. Akinifukuza, nitakwenda wapi? Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni mpaka siku ya kesi.

Hakimu aliniapisha, nikaeleza. Kisha Marwa mwenyewe akaruhusiwa kuniuliza. Mkewe alisimama dirishani nje, mtoto mgongoni.

"Mwalimu, huyo mtu ulimwona uso?"

"Sikumwona."

"Basi ni mimi au si mimi?"

Mzee Chacha alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Sijui," nikasema.

Watu wakaguna. Nilijiona nimeanguka mbele ya kijiji kizima, kwa sababu darasani neno hilo ni sifuri. Hakimu akaandika, halafu akaniambia taratibu, "Ahsante, mwalimu. Hapa hatutoi alama. Anayekuuliza naye hajui, ndiyo maana tunataka ulichokiona tu."

Marwa aliachiwa siku hiyohiyo.

Nyumbani mzee alinipita, akaingia ndani na kubamiza mlango. Nikaanza kufunga vitu vyangu. Mkewe akaingia na ugali, akauweka chini. "Fungua huo mzigo," akasema. "Ana hasira, lakini roho yake si mbaya."

Haukupita muda, ng'ombe wakapatikana karibu na Sirari, mikononi mwa watu wengine kabisa. Jioni mzee akachukua fimbo yake, akaenda kwa Marwa, akamwomba radhi mbele ya mke wa Marwa na balozi wa nyumba kumi. Aliporudi alisimama kwenye mlango wa jiko nilipokuwa nasonga ugali. "Ulifanya vizuri kunikatalia," akasema, akaondoka.

Sasa la furaha: matokeo ya ualimu yametoka, nimefaulu! Wamenibakiza hapahapa, na jioni nafundisha darasa la watu wazima.

Nisalimie mama, umwambie asiteke maji kabla mguu haujapona. Msalimie bibi, dada aliyeolewa Morotonga, na kaka yule wa Robanda anayelinda mashamba dhidi ya wanyama. Baba mdogo mwambie asiamini kila la mnadani.

Karibu nisahau. Jana Marwa alikuja kujiandikisha darasani kwangu. Nikamweleza kwamba mwishoni kutakuwa na mtihani wa kusoma na kuandika, watu wengi wakiwa pamoja chumba kimoja, nikamwuliza kama haogopi. Akacheka.

"Weka jina langu, mwalimu. Safari hii nataka kuulizwa kwa kupenda mwenyewe."

Ndimi mwanao, ambaye sasa ni mwalimu kweli,
Rhobi