Mama, Maua Yangu Yameanza Kuhama

Mama,

Usinicheke, lakini naogopa kukuandikia haya. Nikishayaandika yatakuwa kweli.

Tangu tukuzike nimebaki na meza yako pale dirishani, nyumbani Umoja, na mihuri yako yote, hata ule wa waridi niliouangusha ukalazimika kuuchongeshea mpini mpya sokoni Gikomba. Kadi zetu za maua bado zinatoka. Wateja wa mtaa wa Fedha wanapenda zile za karatasi ya maruni. Nafanya ulivyonifundisha: muhuri wa kwanza wino mweupe, maana karatasi ya rangi inameza wino, ukikauka, wa pili wa rangi ya waridi juu yake, halafu wa tatu, ile mistari myembamba ya petali. "Shika pumzi, bonyeza, inua. Usisugue, huoshi sufuria!" Ulikuwa mkali wewe.

Jumanne mistari ilitoka nje ya petali. Kidogo tu, upana wa uzi. Nikasema ni meza, nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mguu wake. Kadi iliyofuata ikahama tena, upande ule ule. Jumatano nikabadilisha wino. Alhamisi nikamgombeza Nafula kwamba amechezea mihuri, na maskini mjukuu wako hata meza hakuwa ameikaribia.

Ndipo nikautazama mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe, Mama.

Wewe ulianza hivyo hivyo. Maua yalipohama ukatuambia, "Ni mtindo mpya, siku hizi ua linawekewa kivuli." Na sisi wajinga tukaamini! Nikapiga picha nikaweka WhatsApp, watu wakaagiza za kivuli. Mwaka mzima tuliuza ugonjwa wako tukidhani ni urembo. Uliposhindwa kufunga vifungo vya blauzi ndipo tukakupeleka hospitali, na daktari akauliza mbona tumechelewa. Akasema pia kwamba ugonjwa huo wakati mwingine hurithiwa. Nilijifanya sijasikia.

Nimekukasirikia. Nisamehe, lakini nimekukasirikia sana. Ulijua mkono unakuacha, ukanificha mimi niliyekaa kando yako kila siku nikikukatia karatasi.

Halafu jana Nafula akaokota kadi moja, akauliza, "Mathe, mbona hii imeenda kando?" Nikajisikia nikimjibu, "Ni mtindo mpya." Woi, Mama! Sauti ilikuwa yako kabisa. Akasema iko poa, akairudisha mezani. Mimi nikaenda kujifungia bafuni, natetemeka mwili mzima, hata sijui upi ni ugonjwa na upi ni woga.

Leo asubuhi nimemketisha nikamwambia yote. Alilia, nami nikalia. Kisha akaushika mkono wangu huu wa kulia na hakuuachilia hadi chai ikapoa. Jumatatu ananipeleka hospitali. Huenda ni uchovu tu. Huenda si kitu. Lakini naogopa.

Pumzika, Mama, hasira zangu zisikusumbue huko. Nakuahidi jambo moja tu: wakisema ni ule ugonjwa wako, Nafula hatalazimika kuusoma kwenye kadi. Atausikia kutoka kwangu, siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Nekesa